Mwaka Nilipomficha Kapteni wa Italia

Rafiki yangu, Jumapili iliyopita niliangusha sinia la vikombe, vikombe vyangu mwenyewe, katika ukumbi wa hoteli yangu mwenyewe, mbele ya wageni. Wewe unanijua. Mimi si mtu wa kuangusha vitu. Nina diploma ya hoteli, nimebeba sinia miaka tisa Dar es Salaam na minne Arusha, na sikuwahi kumwagia mtu hata supu. Niliporudi Tukuyu nilijenga nyumba hii ya vyumba kumi na viwili bila kusaidiwa hata bati moja. Sakafu ni vigae, maji ya moto yapo kila chumba, na televisheni ya ukumbini ni pana kuliko mlango wa kanisa letu la zamani. Lakini siku hiyo televisheni ilimwonyesha kapteni wa klabu moja ya Italia akiaga mpira. Alizunguka uwanja akilia, watoto wake wamemshika mikono, na wazee wazima jukwaani wakafuta machozi kwa skafu. Kijana wangu wa mapokezi akasema, "Sasa msimu ujao itakuwaje bila huyu?"

Sinia likanitoka.

Wageni walidhani nimeungua. Sikuungua. Nilishtuka kwa sababu swali hilo niliwahi kuulizwa nikiwa darasa la sita, mbele ya wanaume zaidi ya hamsini, na nikalijibu. Nilikuwa sijamwambia mtu nilivyolijibu.

Tulikaa juu kidogo ya barabara iendayo Nkunga, mimi na bibi. Nyumba ya pili uani alikaa baba mdogo na mkewe. Kama umewahi kulala kwetu wakati wa masika, unajua kwamba kule mvua hainyeshi kwa saa, inanyesha kwa majuma. Asubuhi ukungu uliingia jikoni kama mgeni aliyezoea, ukachanganyika na moshi wa kuni za mkaratusi, na bibi akakohoa na kuusema ukungu kwa Kinyakyusa kana kwamba una masikio. Tulikula ndizi kwa maharage, ndizi kwa maziwa mtindi, na sikukuu ikifika ndizi kwa nyama, ile tuitayo mbalaga, ambayo mpishi wangu wa sasa, pamoja na cheti chake, bado hajaweza kuipika vile. Jumamosi tulipanda kwenye chai na vikapu mgongoni. Umande ulitulowesha mpaka kiunoni, na vidole vikawa vyeusi kwa utomvu hata sabuni ilikata tamaa.

Baba mdogo alikuwa kapteni wa timu ya kijiji. Alikuwa beki wa kati, mrefu, mwenye sauti iliyovuka bonde. Akipaza "Toka nyuma!" uwanjani, bibi yangu akiwa migombani alikuwa akiinua kichwa kuangalia kama ni yeye anayeambiwa. Timu nzima ilivaa jezi za klabu ya Italia, na nikuambie zilivyopatikana, maana vijana wa leo hawaamini. Hizo zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mitumba ilianza kuingia kwa marobota, na mfanyabiashara mmoja wa mjini Tukuyu, Mwislamu mpole aliyeanza kwa kuuza khanga na sabuni, alifungua robota akakuta jezi kumi na tatu za aina moja, nyeupe zenye mkanda wa kijani kifuani. Aliipa timu yetu. Baadaye mfanyabiashara huyohuyo alileta ungo wa kunasa televisheni, wa kwanza tuliouona kwa macho, na tulipoketi kutazama mpira wa Italia tukaona watu weupe wamevaa nguo zetu! Kijiji kizima kikapigwa na butwaa. Tangu siku hiyo klabu ile ikawa yetu. Hatukuichagua, ilitoka kwenye robota.

Kapteni wao naye alikuwa beki wa kati, mtu mzima, kichwa kimeanza upara, kitambaa cha ukapteni kimemkaa mkononi kama alizaliwa nacho. Baba mdogo ndiye aliyevaa jezi yenye namba yake. Watu wakamwita yule Mzungu "pacha wa Kapteni", na baba mdogo hakukataa.

Kibanda cha Mwenye Ungo, ndivyo tulivyomwita, kilikuwa karibu na soko. Kuta zilikuwa za mabanzi na paa la bati tupu. Jumapili saa kumi jioni, baada ya ibada na baada ya chakula, wanaume walijazana kwenye mabenchi, makoti yakitoa mvuke na harufu ya mbuzi. Mvua ilipopiga bati, hakuna aliyesikia neno lolote la televisheni isipokuwa mtu aliyekaa kwenye kigoda pembeni kabisa ya spika. Kigoda hicho kilikuwa changu.

Nilikipata kwa kichwa changu. Nilikuwa wa kwanza darasani kila muhula, wavulana wakinifuata kwa mbali, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa akinibakiza baada ya masomo kunifundisha zaidi. Siku moja bibi alinituma kibandani kumpelekea baba mdogo koti la mvua. Nikiwa nimesimama pale, mtangazaji akasema jambo kwa Kiingereza, nami nikatamka kwa sauti, "Anasema kipa ameteleza." Kila mwenye macho alikuwa ameshaona kipa ameteleza. Lakini wanaume wale waligeuka wakanitazama kama nimetoa sungura kwenye kofia.

"Mashallah," alisema Mwenye Ungo. "Kapteni, mtoto huyu ni wako?"

"Wa kaka yangu. Kwa hiyo wangu."

"Basi Jumapili mlete. Aketi hapa, atuambie hawa wanasema nini."

Nikawa mkalimani. Nakuambia ukweli, robo nilielewa, robo nilikisia, na nusu nilitunga. Mpira ukiwa mgumu nilisema, "Anasema mpira leo ni mgumu." Nani angebisha? Wanaume waliokuwa na mvi walininyamazia nikizungumza. Mtoto wa kike wa darasa la sita, rafiki yangu, wachimba makaa wa Kiwira wananinyamazia! Sijawahi kupata heshima kama ile hata siku niliyovaa joho.

Lakini bibi aliweka sharti. "Mtoto wa kike haingii kwenye kibanda cha wanaume," alisema, "ila ameshikwa mkono na baba yake mdogo. Siku baba yako mdogo akiacha mambo hayo ya mpira, na wewe umeacha. Ndaga." Kwetu ndaga ni asante. Kwa bibi ilikuwa pia alama ya kufunga mazungumzo.

Sasa nikueleze kiapo, maana bila hicho hutaelewa kwa nini jambo dogo likawa kubwa. Kabla mimi sijapata kigoda, mchimba makaa mmoja wa Kiwira alimtania baba mdogo mle kibandani: "Mzee, daruga utatundika lini? Au unangoja tuje tukutundike nazo?" Watu wakacheka. Baba mdogo akasimama, akaonyesha kidole kwenye televisheni.

"Mnamwona huyu? Ananizidi umri. Siku huyu akitundika daruga, nami natundika. Kabla yake, hapana. Mmenisikia?"

"Tumekusikia!" waliitikia wa rika lake.

Kwetu wanaume waliokua pamoja hula pamoja mpaka uzeeni, sahani inatoka nyumba hii leo na nyumba ile kesho. Mtu akivunja neno alilolisema mbele ya rika lake, hawamgombezi wala hawamfukuzi. Wanakula bila kumwita. Nimeona wanaume wenye ng'ombe na migomba wakikauka kama kuni kwa sababu tu hakuna aliyewaita kula. Kwa hiyo neno lile la mzaha lilipoitikiwa, likawa ukuta.

Msimu uliofuata ulianza Jumapili ya mvua. Waitaliano wetu wakatoka kwenye tundu lao la uwanjani, na anayeongoza mstari, mwenye kitambaa mkononi, ni kijana mwenye nywele ndefu hatujawahi kumwona.

"Yuko wapi?" aliuliza mtu.

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Baba mdogo alikuwa benchi la mbele. Alinyoosha shingo akawahesabu wachezaji mmoja mmoja, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, wanasema nini? Yuko wapi mzee wetu? Msimu huu itakuwaje?"

Na hapa ndipo penye ajabu. Mtangazaji alikuwa ametoka kusema sentensi ambayo niliielewa yote, neno kwa neno, bila kukisia. Muhula ule mwalimu mkuu wetu alikuwa amestaafu, na mwalimu wa Kiingereza alituandikia habari hiyo ubaoni tukaikariri mpaka mbuzi wa shule wakaijua. Mtangazaji alitumia neno lilelile. Kapteni alikuwa amestaafu. Alisema magoti yake yamechoka na anawashukuru wote.

Nilimtazama baba mdogo. Niliona kigoda changu. Niliona Jumapili zangu zote zikibaki jikoni kwa bibi, nikimenya ndizi huku wavulana wa darasa langu, wale niliowaacha mbali, wakija kibandani na kaka zao. Ulimi ukatangulia kichwa.

"Ameumia," nilisema. "Anasema ameumia goti. Atarudi."

Kwa nini goti? Kwa sababu nyumbani goti lilikuwa ndilo gonjwa nililolizoea. Kila asubuhi bibi alichemsha majani, akakamua kitambaa cha moto, akamkanda nacho baba mdogo goti la kulia huku yeye akiuma kola ya shati. Nilidhani wacheza mpira wote huamka hivyo.

"Goti," alirudia baba mdogo polepole. Mabega yake yalishuka. Nilidhani ni faraja, na moyo ukanitulia.

Rafiki yangu, uongo wa goti ukishautoa lazima uulishe. Kila Jumapili waliniuliza maendeleo ya mgonjwa. Juma la tatu nilisema amepasuliwa. Juma la sita nilisema alikuwa amepata nafuu akateleza kwenye tope.

"Hata Italia kuna tope?" alishangaa mmoja.

"Sasa mvua hiyo inyeshe hapa tu, kwani hapa tumeiloga?" akajibiwa.

Baadaye nikasema amefiwa na mama mkwe. Wanaume wote wakashusha pumzi na kutikisa vichwa, na mmoja akauliza huko kilio huchukua siku ngapi. Habari zikapanda mlima. Kina mama wa kwaya wakamweka kwenye maombi, baada ya wajane na kabla ya serikali. "Na yule ndugu mchezaji, mwenye goti," alisema kiongozi wao, na kanisa likaitikia amina. Mimi nilikuwa benchi la watoto, jasho linanitoka miguuni. Bibi naye akanishika bega tukitoka: "Mwambie huyo mtu wa kwenye sanduku achemshe majani. Hospitali itamla mguu." Alikuwa anasema kweli kabisa, na uso wake ulikuwa na huruma ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Huku Waitaliano wetu wakaanza kuporomoka. Sijaona tena timu ikifa vile. Mabeki walisimama wakitazamana kama watu waliofika msibani wasijue aliyekufa ni nani. Mpira uliokuwa ukiondolewa na mzee kwa kichwa kimoja sasa ulianguka katikati yao, kila mmoja akamwonyesha mwenzake kidole, na wavu ukatikisika. Walifungwa na timu ambazo majina yake nilishindwa kuyatamka. Kijana mwenye nywele ndefu alikuwa akikivuta kile kitambaa juu kila dakika, kikishuka tena. Kibandani watu walilia, "Kyala! Kyala wetu!" wakimwita Mungu kwa kilugha, na kila bao lilipoingia walimalizia hivi: "Mzee akirudi mtaona."

Na sisi, kijijini, tulikuwa tunashinda. Ndiyo maajabu ya mwaka ule. Kapteni wetu alicheza kila mechi, goti limefungwa kitambaa cha khanga ya mama mdogo. Tuliwafunga Suma kwao, tukawafunga na kwetu. Watu wakasema Kapteni anamchezea na pacha wake mgonjwa.

Mara moja tu nilikaribia kuumbuka. Dereva wa lori la mbao kutoka Mbeya alijikinga mvua kibandani, akatazama kidogo, akauliza, "Mnamngoja nani? Yule si ameshaacha mpira? Nimesoma gazetini."

Baba mdogo alisimama. Alisimama haraka, kwa mtu mwenye goti lile, na hakumtazama dereva, alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa wazi kama ya mtoto anayeona mlango unafunguliwa.

"Mwanangu? Ni kweli?"

Hapo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi.

"Gazeti la lugha gani?" nilimuuliza dereva.

"La Kiswahili."

"Basi aliyeandika hakusikia mwenyewe. Mimi nasikia hapa."

Kibanda kililipuka kwa kicheko. "Dereva, rudi kwenye usukani!" "Sisi tuna mkalimani wetu, wewe una gazeti la kufungia samaki!" Yule mtu akatoka akanyeshewe kwa amani. Baba mdogo akakaa taratibu, akishika benchi kwa mikono yote miwili. Nilijivuna siku hiyo kuliko siku zote.

Fainali tulicheza na Kiwira. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, limetolewa na bwana mmoja aliyetaka kura katika siasa mpya za vyama vingi, nalo lilifungwa kwenye mti wa parachichi nyuma ya goli likitafuna bila kujua. Wachimba makaa walikuja wengi, wakiimba, wamejazana juu ya lori. Tulitangulia kwa bao moja. Dakika za mwisho mpira wao ukampita kipa, ukawa unaelekea wavuni taratibu, na baba mdogo akatoka alikotoka, akajitupa, akauondoa mstarini kwa mguu wa kulia. Nilikuwa nimesimama karibu na mlingoti. Nilisikia mlio. Ulikuwa kama kuni kavu ya mkaratusi inapovunjwa juu ya goti. Hakupiga kelele. Alilala kwenye matope akitazama juu, midomo wazi, mvua ikiingia ndani.

Refa akapuliza. Tulikuwa mabingwa. Watu waliingia uwanjani wakicheza, na ilichukua muda kabla ya mtu kuona kwamba Kapteni hanyanyuki. Walimbeba kwa ngazi ya kuchumia parachichi mpaka nyumbani.

Jioni hiyo kijiji kizima kilinuka nyama. Mimi niliingia jikoni kwa mama mdogo kuchukua chumvi. Alikuwa amekaa peke yake mbele ya moto, khanga ile yenye damu na tope imekunjwa mapajani. Hakuniangalia.

"Mwitaliano wenu huyo," alisema, "hachoki?"

Nilichota chumvi kwa kiganja.

"Mwaka wa pili huu baba yako mdogo hawezi kushuka kitandani mpaka nimnyanyue. Nikimwambia acha, ananiambia siwezi kuacha kabla ya yule, nilisema mbele ya rika langu. Tena ananiambia, yule ni mzee, atatundika msimu ukianza, nami nitapumzika. Kila Jumapili anakwenda huko kibandani kusikiliza kama ameacha. Anarudi ananiambia, bado, ameumia tu, atarudi." Akapangusa uso kwa mkono wenye majivu. "Mwe bandu, enyi watu. Si angeacha tu, huyo mtu?"

Chumvi ilinimwagikia miguuni. Nilikuwa sijui! Nilijiambia mwaka mzima kwamba namfurahisha, kwamba nikimwambia ukweli nitamvunja moyo. Kumbe alikuwa hafuati mpira. Alikuwa anafuata ruhusa. Na ruhusa ilikuwa imeshatoka, ilipitia masikioni mwangu, nikaikalia kama kuku.

Ningesema pale. Sikusema.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kibandani na mmoja wa rika la baba mdogo, kwa idhini ya mwisho ya bibi. Ilikuwa mechi ya kufunga msimu. Waitaliano wetu walikuwa chini kabisa mwa msimamo, na katikati ya mechi televisheni ikaonyesha jukwaani. Alikuwa pale! Amevaa suti, mzima, ananyanyuka anapiga makofi, magoti yote mawili yananyooka vizuri. Kibanda kikashika kichwa. Wakanigeukia wote kwa pamoja.

"Anasema nini? Mkalimani, anasema nini?"

"Anasema amepona," nilisema, na sauti yangu sikuitambua. "Lakini ameamua. Leo ndiyo ametangaza. Ametundika daruga."

Hawakungoja mechi iishe. Walikimbia kupanda mlima kwenye mvua, wanaume wa makamo, wanateleza na kuinuka. Waliingia chumbani kwa baba mdogo wakavua kofia. "Umemaliza," walimwambia. "Mwenzako ameacha leo." Baba mdogo alifunika uso kwa blanketi akalia kwa sauti. Kisha wakaagiza sahani, wakaketi sakafuni kukizunguka kitanda, wakala naye.

Mguu haukurudi. Hakuchuma tena chai. Mama mdogo alibeba vikapu viwili mpaka mgongo ukapinda. Lakini baba mdogo alipata hadithi, na hadithi ile ilimbeba miaka yote niliyokuwa nikisoma na kutafuta. Kila mgeni aliyepita aliambiwa: "Mimi na yule tuliacha juma moja. Pacha kabisa. Yeye na suti, mimi na ngazi."

Jumatano, siku tatu baada ya kuangusha sinia, baba mdogo alikuja hotelini kunywa chai kama kawaida yake, na fimbo yake. Kijana wa mapokezi akamsimulia yule kapteni aliyeaga Jumapili. Baba mdogo akacheka, akatoa hadithi yake. Kijana, kwa adabu tu na bila nia mbaya, akatoa simu, akaandika, akasoma, akakunja uso.

"Babu, huyo wako hakuacha juma hilo. Inasema alikuwa ameacha mwaka mzima kabla."

"Simu yako inaota," alisema baba mdogo. "Mkalimani wangu huyu hapa. Muulize." Na akanitazama, mtulivu, kwa imani ileile ya kwenye benchi la mbele.

Nimesimama mbele ya mawaziri nikapokea tuzo ya usafi. Nimewafukuza wakandarasi wenye silaha kiunoni. Mbele yake nilivuta kiti nikakaa.

"Simu inasema kweli," nilimwambia. "Siku ile ya kwanza, yule kijana wa nywele ndefu alipotoka na kitambaa, walisema amestaafu. Nilisikia vizuri. Nilitaka kubaki na kigoda changu."

Hakuuliza maana ya kigoda. Alikisogeza kikombe cha chai pembeni. Kijana wa mapokezi akaondoka kwa ncha za vidole.

"Walisema nini hasa?" aliniuliza. "Nitafsirie."

Nikamtafsiria. Nilikuwa ninaikumbuka sentensi nzima. Kwamba amecheza miaka mingi, kwamba magoti yamechoka, kwamba anawashukuru wote. Alisikiliza shingo ameinyoosha, kama vile mvua bado inapiga bati.

"Mwaka mzima," alisema mwishowe. "Kumbe mwaka mzima nilikuwa nimeshaacha."

Akainuka, akakataa mkono wangu, akaenda zake.

Kibanda cha Mwenye Ungo siku hizi kinauza simu. Uwanja una nyumba za watu, bibi yuko kaburini chini ya migomba yake, na wa rika lile wamebaki wanne. Hayo yote yaliondoka yenyewe, kama kila kitu. Lakini jana walikuja wageni wawili kutoka Iringa, wapenda mpira, nikawapeleka kwa baba mdogo wakasikie ya zamani. Walimuuliza kama ni kweli aliwahi kuwa kapteni. Akasema ndiyo, aliwahi, ya pacha hakuyataja, na akawauliza kama barabarani kulikuwa na mvua.